Kutuliza Maumivu ya Mawe ya Figo Nyumbani: Yanayowezekana na Mipaka Yake



Maumivu ya jiwe la figo humkuta mtu mara nyingi akiwa nyumbani, na mara nyingi usiku. Hospitali iko mbali, au iko karibu lakini usafiri hakuna, na waliomo ndani huanza kuulizana cha kufanya. Anyweshwe maji mengi? Akamuliwe ndimu? Atafutiwe panado? Kusudi la mhadhara huu ni kueleza kinachofaa kufanywa katika saa hizo, kisichofaa, na wakati ambao nyumba haitoshi tena. Msimamo unaotetewa ni mmoja: kutuliza maumivu na kutoa jiwe ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza hufanyika nyumbani vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Ya pili haifanyiki nyumbani isipokuwa kwa kusubiri, na kusubiri kuna masharti.

1. Maumivu yanatoka wapi

Jiwe lililotulia ndani ya figo kwa kawaida haliumi. Wapo wanaokaa nalo miaka na kulijua kwa bahati tu, wanapopigwa altrasaundi ya jambo jingine. Maumivu huanza jiwe linapoingia kwenye mrija unaoshusha mkojo kutoka figo hadi kibofu. Mrija huo una urefu wa sentimita 25 hadi 30, lakini uwazi wake wa ndani ni milimita 3 hadi 4 tu. Una pia sehemu tatu zinazobana zaidi: unapotokea kwenye figo, unapokatiza juu ya mishipa mikubwa ya damu ya nyonga, na unapopenya ukuta wa kibofu. Mawe mengi hukwama hapo pa mwisho.

Jiwe likiziba, figo haiachi kutengeneza mkojo. Mkojo hurundikana nyuma ya jiwe, shinikizo hupanda, na figo huvimba. Mwili nao hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huongeza damu inayoingia figoni, kwa hiyo mkojo huongezeka na shinikizo hupanda zaidi. Wakati huohuo misuli ya mrija hukaza ikijaribu kulisukuma jiwe. Ndiyo sababu maumivu haya huja yakipanda na kushuka. Huanzia ubavuni, chini ya mbavu za nyuma, hushuka hadi kinenani, na huweza kufika kwenye korodani au sehemu za siri za mwanamke. Neva za figo na za tumbo zina njia za pamoja, na kwa hiyo mgonjwa hutapika ingawa tumbo lenyewe ni zima.

Wauguzi waliomo ukumbini wanaijua dalili moja isiyohitaji kipimo. Mwenye kidole tumbo kilichopasuka hulala kimya, anaogopa hata kukohoa. Mwenye jiwe hatulii: huinuka, huchuchumaa, huegemea ukuta, hujilaza sakafuni, kisha huinuka tena, na kila mkao humtuliza kwa dakika moja tu.

2. Dawa ya kwanza ni ya kawaida

Kwa kuwa prostaglandini ndizo zinazochochea mzunguko huo, dawa inayozizuia hupunguza maumivu pamoja na shinikizo lenyewe. Dawa hizo ni za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2019 unaziweka mbele ya mofini na dawa za aina yake.

Jambo hili huwashangaza wanaoamini kwamba maumivu makali hushindwa na dawa kali pekee. Utafiti uliofanyika Doha, Qatar, na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2016, uliwahusisha wagonjwa zaidi ya 1,600 waliofika hospitalini na maumivu haya. Wengine walichomwa sindano ya diklofenaki, wengine walipewa parasetamoli kwa mshipa, wengine mofini. Baada ya nusu saa maumivu yalikuwa yamepungua kwa nusu au zaidi kwa asilimia 68 ya waliopata diklofenaki, asilimia 66 ya waliopata parasetamoli na asilimia 61 ya waliopata mofini. Hao walipewa dawa kwa sindano, na kidonge huchukua muda mrefu zaidi kufanya kazi. Lakini diklofenaki na parasetamoli ni zilezile zilizopo kwenye duka la dawa la mtaani.

Kwa mtu mzima asiye na kizuizi, kipimo cha kawaida ni ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula kitu, kila baada ya saa 8. Au diklofenaki miligramu 50, isizidi miligramu 150 kwa siku. Achukue moja kati ya hizo, kamwe zisiunganishwe, na kwa siku chache tu. Parasetamoli gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, inaweza kuongezwa juu ya mojawapo. Isizidi gramu 4 kwa saa 24, na mwenye mwili mdogo apunguziwe. Dawa imezwe maumivu yanapoanza kupanda, kwa sababu akishaanza kutapika kidonge hakikai. Kwa anayetapika ipo diklofenaki ya kuwekwa kwenye njia ya haja kubwa. Watu wetu huionea haya, ingawa hufanya kazi vizuri.

Vizuizi vyenyewe si vichache. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa sugu wa figo, figo moja, ugonjwa wa moyo, pumu inayoamshwa na aspirini, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mjamzito, wasiguse ibuprofeni wala diklofenaki bila kuelekezwa na daktari. Anayetumia dawa za presha aulize kwanza. Aliyetapika hadi kukaukiwa maji naye yumo hatarini, kwa sababu figo isiyo na maji huumizwa na dawa hizi. Kwa wengi wa hao parasetamoli ndiyo inayobaki, na takwimu za Doha zinaonyesha kwamba si dawa ya kudharauliwa.

Hapa wafamasia wavumilie kidogo, maana wanalijua hili. Madukani kwetu kuna vidonge vilivyochanganya diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja, na vinauzwa kwa majina mbalimbali ya biashara. Mgonjwa humeza kimoja, akaona hajapata nafuu, akaongeza panado mbili, kisha jirani akamletea ibuprofeni. Kwa hesabu yake amejaribu dawa tatu. Kwa hesabu ya mwili amezidisha parasetamoli na ameunganisha dawa mbili za jamii moja, huku figo ikiwa imezibwa. Yanayopaswa kusomwa ni maandishi madogo chini ya jina la dawa, na asiyeweza kuyasoma ana haki ya kusomewa na muuzaji.

Kuhusu dawa za kulegeza misuli ya tumbo, kama Buscopan, ambazo huombwa sana, mwongozo huohuo wa NICE unaelekeza zisitolewe kwa maumivu ya jiwe. Fikra ya kulegeza mrija inavutia, lakini wagonjwa hawapati nafuu ya ziada.

3. Joto

Joto ubavuni ni tiba ya bibi, na ushahidi uko upande wa bibi. Mwaka 2003 watafiti wa Vienna, Austria, walichapisha matokeo ya wagonjwa waliokuwa wakipelekwa hospitalini kwa gari la wagonjwa. Waliofunikwa blanketi la umeme lenye joto la nyuzi 42 kwenye tumbo na kiuno walipungukiwa maumivu, kichefuchefu na wasiwasi. Waliofunikwa blanketi lisilowashwa walifika walivyokuwa.

Nyumbani chupa ya maji ya moto inatosha. Maji yasiwe yaliyochemka, kifuniko kikazwe, chupa izungushiwe khanga au taulo, iwekwe kati ya mbavu na nyonga kwa dakika 15 hadi 20, kisha ngozi ipumzishwe. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi asiwekewe bila mtu wa kumwangalia. Kuoga maji ya moto kunasaidia pia. Kutembea ndani ya nyumba kunaruhusiwa, na kulala kunaruhusiwa; mgonjwa achague mwenyewe.

4. Maji wakati wa maumivu

Ushauri unaotolewa haraka kuliko wote ndio wenye msingi dhaifu kuliko wote: anywe maji mengi ili jiwe lisukumwe. Mapitio ya tafiti hayajaona kwamba kumjaza mgonjwa maji, kwa mdomo au kwa dripu, hutoa jiwe upesi au hupunguza maumivu. Sababu iko kwenye maumbile. Figo iliyozibwa hupunguza kuchuja, na maji ya ziada huishia kwenye figo ya pili iliyo nzima, ambayo haina jiwe la kusukuma. Yale machache yanayopita upande ulioziba huongeza shinikizo palepale panapouma. Lita tatu zilizonywewa kwa saa moja humtapisha mgonjwa, na zikizidi huweza kushusha chumvi ya damu hadi kiwango cha hatari.

Anywe kwa kadiri ya kiu. Kama anatapika, anywe mafunda madogo ya maji au ya mchanganyiko wa chumvi na sukari wa pakiti, ule wa kuharisha, kila baada ya dakika chache. Maji mengi yana zamu yake baada ya jiwe kutoka, na zamu hiyo ni ya miaka.

Bia imo katika mlango huohuo. Inaongeza mkojo kwa saa chache na kumkausha mtu baadaye, na haifai kuchanganywa na dawa zilizotajwa.

5. Ndimu, birimbi na mizizi

Ndimu inastahili heshima, ila kwa kazi yake halisi. Sitreti iliyomo ndani yake hushikana na kalsiamu kwenye mkojo na kuizuia isiungane na oksaleti. Hiyo ni kinga ya miezi na miaka. Jiwe la kalsiamu oksaleti, ambalo ndilo aina ya mawe mengi, likishakauka haliyeyushwi na ndimu, siki, wala mafuta ya zeituni. Linaloyeyuka hasa kwa dawa ya kunywa ni jiwe la asidi ya yuriki, na hilo hufanyika kwa potasiamu sitreti huku ukali wa mkojo ukipimwa, chini ya daktari.

Birimbi ni habari nyingine, na wasikilizaji wa Pwani na Visiwani wanaombwa wasikilize. Kwenye achari na mchuzi birimbi haina tatizo kwa mtu mzima wa afya. Lakini tunda hili limejaa oksaleti. Mwaka 2013 madaktari wa jimbo la Kerala, kusini mwa India, waliripoti wagonjwa 10 ambao figo zao zilifeli ghafla baada ya kunywa juisi ya birimbi iliyokolea, wakiamini inashusha lehemu. Fuwele za oksaleti zilikuwa zimejaa ndani ya nyama ya figo. Anayenyweshwa juisi hiyo kwa ajili ya jiwe anaongezewa malighafi ya jiwe.

Mizizi na majani ya kuchemsha ni mengi kiasi kwamba hayawezi kuhukumiwa kwa kauli moja. Yapo yasiyodhuru: nywele za mahindi, kwa mfano, huchemshwa katika nchi nyingi na faida yake kubwa huenda ikawa yale maji yenyewe. Hatari iko kwenye mchanganyiko usiojulikana. Mjini Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliopewa mitishamba ya kupunguza unene walipoteza figo zao kwa sababu ndani yake ulikuwamo mmea wa jamii ya Aristolochia. Figo ndiyo inayochuja kila kinachonywewa, na mwenye jiwe tayari ana figo iliyochoka. Asiyeweza kuutaja mmea kwa jina asiutie kwenye sufuria.

6. Kusubiri kwa chujio

Maumivu yakishatulia, kazi inayobaki ni kusubiri, na kusubiri kunategemea ukubwa. Jiwe lisilofika milimita 5, tuseme punje ya mtama, lina nafasi ya takriban theluthi mbili ya kutoka lenyewe. La milimita 5 hadi 10 lina nafasi inayokaribia nusu. Linalozidi hapo halitarajiwi kutoka bila msaada. Kwa hiyo hata mgonjwa aliyetulia anahitaji picha, ya altrasaundi au ya CT, ili ijulikane anasubiri nini. Muda unaokubalika ni wiki 4 hadi 6, iwapo maumivu yanadhibitika na figo inafanya kazi.

Daktari anaweza kuongeza tamsulosini, dawa ya tezi dume, ambayo hulegeza sehemu ya chini ya mrija. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2015, wenye watu zaidi ya 1,100, haukuona tofauti kati yake na kidonge kisicho na dawa. Uchambuzi mwingine umeona faida kwa mawe yanayozidi milimita 5 yaliyokwama chini. Si dawa ya kujinunulia. Hushusha presha, na anayeinuka ghafla huweza kuanguka.

Siku zote hizo mkojo uchujwe. Chujio la chai lenye matundu madogo linafaa, likitengwa kwa kazi hiyo peke yake. Kitambaa cheupe juu ya kopo kinafaa pia. Mgonjwa akojoe kwenye kopo, amimine taratibu, kisha atazame kwenye mwanga. Kinachopatikana huwa kidogo kuliko mateso yake: chembe ya kahawia yenye miiba midogo, au ya rangi ya chungwa na laini, ambayo mara nyingi huwa ya asidi ya yuriki. Isuuzwe kwa maji, ikaushwe, itiwe kwenye kichupa safi na kupelekwa maabara. Wengi huitupa chooni kwa hasira, na hapo hutupa ushahidi ambao ungewaambia wale nini na waache nini.

7. Nyumba isipotosha

Sehemu hii ndiyo nzito kuliko zote, na inaanza na homa. Maumivu ya ubavu pamoja na homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi, ni dalili kwamba nyuma ya jiwe kuna mkojo wenye maambukizi usio na pa kutokea. Maambukizi hayo huingia kwenye damu, na mgonjwa anaweza kufa ndani ya saa chache au siku moja. Dawa za kuua bakteria peke yake hazitoshi. Figo lazima ifunguliwe njia, kwa mrija mwembamba unaopitishwa kibofuni au unaoingizwa kupitia mgongoni.

Katika nchi zenye malaria kuna mtego hapa. Homa na baridi huitwa malaria kabla ya kuitwa kitu kingine, na dozi ya malaria hununuliwa siku hiyohiyo. Siku tatu za dozi zinapokwisha, figo imeharibika. Hata kipimo kikionyesha vimelea, hakijafuta uwezekano wa pili, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Ubavu unaouma pamoja na homa upelekwe hospitalini, si kituo cha kuuza dawa.

Zipo safari nyingine zisizongoja asubuhi: kutokukojoa kabisa, kuwa na figo moja, ujauzito, kutapika kusikoruhusu hata dawa, na maumivu yasiyotulia ndani ya saa moja baada ya dawa. Kisha yapo magonjwa yanayojifanya jiwe. Mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya chini ya tumbo upande mmoja huweza kuwa na mimba iliyotunga nje ya kizazi. Kijana mwenye maumivu ya korodani huweza kuwa na korodani iliyojisokota, na ana takriban saa 6 za kuiokoa. Mzee aliyepita miaka 60 anayepata maumivu haya mara ya kwanza maishani achunguzwe mshipa mkuu wa damu tumboni, usije ukawa unapasuka. Mkojo wa damu kwa mkazi wa maeneo ya kichocho, kuanzia Unguja na Pemba hadi pwani na mabonde ya bara, hauthibitishi jiwe. Kichocho chenyewe hutoa damu, na makovu yake hubana mirija.

Mwisho wa orodha ni hali inayopita kimya kuliko zote: maumivu kuisha wakati jiwe halijatoka. Figo iliyozibwa kwa wiki kadhaa huzoea, huacha kuuma, na hufa polepole. Ambaye hakuliona jiwe kwenye chujio arudie picha, hata kama anajisikia mzima.

8. Yaliyo mbele

Takriban nusu ya waliowahi kupata jiwe hupata jingine ndani ya miaka 10. Kinga yao imejaribiwa. Nchini Italia, utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba waliokunywa maji ya kutosha kutoa lita 2 za mkojo kwa siku walirudiwa na jiwe kwa asilimia 12 katika miaka mitano, dhidi ya asilimia 27 ya wenzao. Utafiti mwingine wa hukohuko, wa mwaka 2002, uliwapindua walioogopa maziwa: wanaume waliokula kalsiamu ya kawaida huku wakipunguza chumvi na nyama walirudiwa kwa kiwango cha karibu nusu ya walionyimwa kalsiamu. Kalsiamu ikiwa tumboni pamoja na chakula huishika oksaleti kabla haijafika figoni. Mchicha, wenye oksaleti nyingi, unaliwa vizuri zaidi pamoja na dagaa au mtindi, na chumvi ikiwa kidogo.

Kwa jiwe lisilotoka, mawimbi ya sauti ya kulivunja bila kupasua mwili yalitumika kwa binadamu mara ya kwanza mjini Munich, Ujerumani, mwaka 1980, na kamera nyembamba za kuingia kwenye mrija zimefuata. Huduma hizo zinasogea karibu na wananchi, lakini kila moja huanza na picha, na picha huanza na mtu aliyeelekezwa mapema. Kwa hiyo pendekezo linalowekwa mbele ya ukumbi huu ni dogo: wauzaji wa maduka ya dawa wafundishwe maswali matatu ya kumuuliza kila anayekuja usiku kutafuta dawa ya ubavu, yaani kama ana homa, kama anakojoa, na kama ni mjamzito. Waajiri wa wapiga matofali, madereva na wavuvi waweke maji safi ya kunywa kazini, hasa miezi ya joto. Ndugu zetu walioko kazini Oman na nchi nyingine za Ghuba wanayahitaji maji hayo zaidi. Na maabara za mikoa zianze kupokea vile vichupa vyenye mawe, ili mgonjwa anayerudi na chembe yake apate jibu la imetengenezwa na nini.

Maswali yanakaribishwa, tukianza na safu za nyuma.